Gari limelala, tairi zinakula ndani: kuchagua vifaa vya kurekebisha kemba

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya Toyota Mark X yangu pale Nyegezi, Mwanza, natafuta skrubu ya bampa iliyodondoka mchangani. Nilipopitisha mkono upande wa ndani wa tairi kuushika mchanga, vidole vilirudi vimechomwa. Nikawasha tochi ya simu. Upande wa nje kashata (meno ya mpira wa tairi) zilikuwa bado zimesimama vizuri, ila ndani, upana wa vidole viwili, mpira ulikuwa umeisha na nyuzi za waya zinang'aa. Tairi zile zilikuwa na miezi minne tu. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimewabeba watoto wangu kwa tairi hizo hadi Shinyanga na kurudi, mvua ikinyesha.

Gari lilikuwa limeshushwa kama sentimita 4, na kila niliyemwonyesha alisema neno moja: "Kemba hiyo, bosi, nunua bolti za kemba." Nikanunua. Muuzaji alinihakikishia zinaingia kwenye gari lolote la Toyota. Fundi alipopandisha gari, bolti hazikuwa na pa kukaa. Mguu wa mbele wa Mark X hauna hata tundu la bolti ya namna ile. Hela ilikwenda, tairi zikaendelea kuliwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mbali na duka, na dukani tutafika baadaye.

Tukubaliane kwanza kwenye majina. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele au kwa nyuma. Juu ya gurudumu ikiingia ndani, kemba ni hasi. Ikitoka nje, ni chanya. Too ni namna pua za tairi mbili zinavyotazamana ukiliangalia gari kutoka juu: zikikaribiana kwa mbele ni too ya ndani, zikiachana ni too ya nje. Kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani ukilitazama gari kwa ubavu, tutaigusa kidogo tu.

Hatua ya kwanza: jua mguu wa gari lako umeshikwaje

Ingia chini ya gari, au ulipeleke gereji yenye shimo, utazame kwa macho yako. Ukiruka hapa, kila utakachonunua ni kubahatisha.

Mguu wenye amu mbili (mikono ya chuma inayolishika gurudumu kwenye bodi), ya juu na ya chini, utaukuta mbele kwenye Mark X, Crown, Altezza na Mark II Grande. Amu ya juu ni fupi kuliko ya chini, na kila moja inazunguka kwenye duara lake. Gari likishuka, ile fupi inavuta kichwa cha gurudumu kuingia ndani haraka zaidi kuliko ya chini inavyovuta mguu wake. Kwa hiyo magari haya yakishushwa huonyesha kemba hasi kubwa. Nyuma ya Mark X na Crown kuna amu nyingi nyembamba, kila moja na kazi yake: nyingine inashika kemba, nyingine inashika too. Gari likishuka vyote viwili vinahama kwa pamoja.

Mguu wa strati ni ule ambao shokapu yenyewe ndiyo nguzo: juu imefungwa kwenye bodi, chini imeshikwa na nako (chuma kinachobeba gurudumu) kwa bolti mbili. Subaru Forester na Impreza mbele, IST, Vitz, Runx mbele. Huu ukishushwa kiasi, kemba haibadiliki sana, na ukishushwa kupita kiasi, amu ya chini inapanda na kuinamia upande mwingine, ndipo gari linaanza kuwa na tabia za ajabu kwenye usukani.

Halafu kuna nyuma ya IST, Vitz na Runx nyingi zinazovutwa na magurudumu ya mbele: chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili. Hapo gari likishuka sawasawa kushoto na kulia, kemba inabaki ilivyokuwa, kwa sababu magurudumu yanapanda na kushuka pamoja na chuma chenyewe. Tairi za nyuma za gari hilo zikila upande, tafuta chuma kilichopinda kwenye shimo la barabarani au beringi iliyochoka. Mtu akikuuzia kifaa cha kemba kwa ajili ya kushusha nyuma ya Vitz, mwambie asante na uondoke.

Hatua ya pili: ondoa uchakavu kabla ya kulaumu kushushwa

Magari mengi tunayoendesha yalishatembea Japani miaka kumi na zaidi kabla ya kufika hapa, kisha yakaja kukutana na rasta, matuta na barabara za mtaani za mawe na mchanga. Bushi zake, yaani mipira inayokaa kwenye maungio ya amu, zimechoka. Bushi ya amu ya chini ikichanika, gurudumu linahama lenyewe unapokanyaga breki, na hakuna kifaa cha kemba kinachotibu hilo.

Pandisha gari, shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Kukiwa na mchezo, ni boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika amu na nako) au beringi ya habu. Shika kushoto na kulia, fanya hivyo hivyo: mchezo hapo mara nyingi ni tairodi, fimbo inayolipindisha gurudumu kutoka kwenye usukani. Kisha chukua nondo au mkono mrefu wa spana, uingize kati ya amu na bodi, ubinue taratibu huku ukitazama mpira wa bushi. Mpira mzima unanyumbulika na kurudi. Uliochanika unafungua mdomo.

Tazama na springi. Kama zilikatwa kwa grainda au zikapashwa moto ili zilale, anza na hizo. Chuma cha springi kikipashwa moto kinapoteza ugumu wake, na kila wiki gari litazidi kushuka, ukirekebisha kemba leo mwezi ujao haipo. Nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lako, au koilova (shokapu na springi zinazoweza kupandishwa na kushushwa). Na kama tayari una koilova, jaribu jambo lisilo na gharama: pandisha gari sentimita 1 na nusu, upime upya. Kwenye mguu wa amu mbili, kiasi hicho kidogo kinaweza kukuondolea haja ya kununua chochote.

Hatua ya tatu: pima

Hapa ndipo nawasihi watu wasiwe na haraka. Hakuna kinachookoa hela kama namba mkononi.

Mwanza ni mji wa miamba na miteremko, na sehemu iliyo sawa ni adimu kuliko unavyodhani. Uwanja wangu niliudhani uko sawa, hadi rafiki yangu fundi ujenzi alipokuja na mpira wake wa maji, ule mwembamba wa plastiki angavu wanaoutumia kupata usawa wa msingi. Upande wa kulia ulikuwa chini kwa sentimita 3. Tumia mpira huo huo, au pima kwenye sakafu ya zege ya kituo cha mafuta ukiruhusiwa. Pengo likiwa dogo, weka vibao chini ya tairi hadi zote nne zisimame kwenye usawa mmoja. Upepo wa tairi uwe sahihi, tangi liwe nusu, na ukiweza mtu wa uzito wako aketi kwenye kiti cha dereva. Usukani unyooke. Lisukume gari mbele na nyuma mita chache, kisha uliache litulie. Usilipime likiwa limetoka tu kwenye jeki, mguu utakuwa bado haujarudi mahali pake.

Chukua pima maji ya fundi mwashi. Iweke wima usoni mwa gurudumu, upande wa nje, na kati yake na ukingo wa rimu, juu na chini, weka vipande viwili vya mbao vya unene mmoja ili tumbo la tairi lisiguse. Kipande cha chini kikae, kisha sogeza pima maji hadi povu lisimame katikati. Pengo litakalobaki pale juu ndiyo kemba yako. Kwenye rimu ya inchi 17, ambayo ukingo hadi ukingo ni kama sentimita 45, kila milimita 8 za pengo ni karibu digrii 1. Nyuma ya gari langu pengo lilikuwa milimita 20: digrii 2 na nusu hasi. Mbele milimita 13.

Too unaipima kwa futi ya kamba na msaidizi. Chora alama katikati ya kashata za tairi mbili, kwa nyuma yake, kwenye kimo cha ekseli. Pima umbali kati ya alama. Sukuma gari hadi alama zije mbele kwenye kimo kile kile, pima tena. Tofauti ndiyo too. Mbele yangu ilikuwa nzuri. Nyuma tairi ziliachana kwa milimita 9.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyomaliza tairi zangu, na kama kuna kitu kimoja ningependa kila mwenye gari lililolala akishike ni hiki: kemba hasi huchagua sehemu ya tairi itakayoliwa, too huamua italiwa kwa kasi gani. Tairi iliyopotoka kwa digrii 1 kutoka kwenye njia yake inaburuzwa kwa ubavu karibu mita 17 na nusu kwa kila kilomita. Kutoka hapa hadi Shinyanga ni kama kilomita 160, kwa hiyo ni kilomita 2.8 za kusugua lami kwa upande. Na kwa sababu kemba imeulaza mzigo mwingi kwenye ukingo wa ndani, ukingo huo ndio unaosuguliwa. Nimeona magari yenye kemba ya digrii 2 hasi yakitembea na tairi zake muda mrefu kwa sababu too ilikuwa sifuri.

Hatua ya nne: amua unataka namba gani

Kwa gari la kila siku, linalopanda Bugando na kushuka Capri Point, linalobeba familia, mimi nashauri kemba hasi kati ya digrii 0.5 na 1.5, mbele na nyuma. Tofauti ya kushoto na kulia isizidi nusu digrii, la sivyo gari litavuta upande. Too iwe sifuri au ya ndani kidogo sana. Usilazimishe kemba iwe sifuri kamili kama gari halikuzaliwa hivyo. Kuwa hasi kidogo kunalisaidia gari kushika kona.

Wapo wanaopenda magurudumu yalale sana kwa sababu ya mwonekano. Naelewa uzuri wake. Lakini masika ikianza Machi, na vuli Oktoba, lami ya mteremko ikiwa imefunikwa na matope ya mchanga kutoka milimani, gari hilo linasimama kwa ukanda mwembamba wa mpira. Usimpe mtu mwingine aliendeshe.

Ukishajua ulipo na unapokwenda, toa. Mimi nyuma nilikuwa kwenye 2.5 nataka 1.2, kwa hiyo nilihitaji kifaa kinachoweza kunirudishia angalau digrii 1.3. Mbele nilihitaji nusu digrii tu.

Hatua ya tano: kifaa kinachofuata mguu

Kabla ya kununua, tazama kama gari lina marekebisho yake ya kiwandani. Toyota kadhaa za amu mbili zina bolti za ndani za amu ya chini zenye washa ya alama. Ukizungusha, amu inasogea. Subaru mbele, bolti ya juu ya zile mbili za strati tayari ni ya kemba. Mara nyingi imeganda tu kwa kutu na hakuna aliyewahi kuigusa. Mbele ya gari langu nusu digrii ile ilipatikana hapo hapo, kwa mafuta ya kulegeza kutu na subira ya asubuhi nzima.

Kama marekebisho ya kiwandani hayatoshi, kwa mguu wa strati chaguo la kwanza ni bolti ya kemba. Ni bolti yenye mwili wa unene usiolingana. Ukiizungusha, nako inainama. Hukupa kama digrii 1 na nusu kila upande, ni rahisi, na inatosha watu wengi. Udhaifu wake ni kwamba ni nyembamba kuliko ile ya asili, hivyo kinachoshikilia kemba yako ni msuguano wa vyuma viwili. Sehemu zinapokutana zisuguliwe hadi ziwe safi, zisiwe na rangi wala grisi, na nati ikazwe kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha mtengenezaji wa bolti. Chaguo la pili ni sahani za juu ya strati, zinazotelezesha kichwa cha shokapu ndani na nje. Zinarekebisha sana, ila nyingi zina jointi ya chuma bila mpira, na kwa barabara zetu utasikia kila kokoto. Kwa gari la kila siku sizipendekezi.

Strati iliyoshushwa sana ina tatizo lingine ambalo kemba haligusi, la amu ya chini kuinamia juu. Hilo linahitaji boljointi ndefu zaidi pamoja na tairodi zinazolingana nazo, na kwa kawaida kupandisha gari kidogo kunakuwa nafuu zaidi.

Kwa amu mbili mbele, unatafuta amu ya juu inayorefushwa. Kuirefusha kunasukuma kichwa cha gurudumu kutoka nje. Zipo za aina mbili kubwa. Moja ina boljointi inayoteleza kwenye mwanya na kukazwa kwa bolti. Hiyo inunue tu ikiwa mwanya una meno yanayong'atana, kwa sababu iliyo laini nimeiona ikihama baada ya shimo moja zito. Nyingine inarefuka kwa uzi, kama ya kukazia kamba za turubai la lori, na hii ndiyo niipendayo. Jua pia kwamba gari lililolala lina nafasi ndogo kati ya amu ya juu na bodi. Amu nene ya chuma cha bomba inaweza kuigonga bodi kwenye tuta. Linganisha unene wake na wa ile ya asili kabla ya kulipa.

Kwa nyuma yenye amu nyingi, kanuni yangu ni moja: usinunue amu ya kemba bila kujua too utairekebishia wapi. Ukiirefusha amu ya juu, too nayo inahama. Kama bolti ya kiwandani ya too imefika mwisho, nunua amu za kemba na amu za too kwa pamoja, pande zote mbili. Mimi ndicho nilichofanya, na ndicho kilichonitoa.

Hatua ya sita: kishike mkononi

Vifaa hivi wengi wetu tunaagiza Dar vije kwa basi, na kikishafika ni vigumu kukirudisha. Omba picha za karibu, mpe muuzaji namba ya chesisi na siyo jina la gari tu, kwa sababu Mark X ya GRX120 na ya GRX130 ni magari mawili.

Kikifika, angalia weldi: iwe mfululizo, yenye mawimbi ya kulingana, isiwe na vitundu. Zungusha uzi kwa mkono. Uende laini bila kukwama. Ukirefusha hadi kipimo utakachotumia, uzi uliobaki ndani uwe angalau mara moja na nusu ya unene wa uzi wenyewe. Zilizotengenezwa vizuri zina kitobo cha kuchungulia: ukiuona uzi, uko salama. Zile zenye uzi wa kushoto upande mmoja na wa kulia upande mwingine unazirekebisha zikiwa kwenye gari, na hilo litakupunguzia muda mwingi siku ya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine.

Bushi ni uamuzi mkubwa. Mpira wa kawaida ni mtulivu na hauhitaji matunzo. Poli, ile ya plastiki ngumu ya poliyurethani, ni ngumu zaidi, inadumu, lakini inataka grisi na isipopakwa inalia kama mlango wa kale. Jointi ya chuma tupu ni ya uwanja wa mbio. Vumbi letu la mawe ni la changarawe kali, likiingia humo linasaga kama msasa. Kama jointi ya chuma haina kifuniko cha mpira, iache.

Spea za mtumba kutoka Japani nazo ni nzuri zikiwa amu za asili. Zigonge kwa nyundo ndogo na ukwangue kutu kwa bisibisi, kwa kuwa zilizotoka maeneo ya theluji zimeliwa na chumvi ya barabarani. Ila amu ya kurekebisha iliyotumika, ambayo hujui ilipigwa wapi, siwezi kukushauri uinunue.

Hatua ya saba: kufunga

Simama pale fundi anapofunga, umsimamie jambo moja. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, haizunguki, inajipinda. Bolti yake ikikazwa gari likiwa limening'inia hewani, likishuka chini bushi inabaki imejipinda siku zote, na itachanika ndani ya muda mfupi. Kaza kwanza kwa mkono tu, shusha gari kwenye tairi zake juu ya shimo, litikise, ndipo ukaze kwa torki. Fundi akikuambia "haina shida, tunakaza juu juu", mwombe kwa heshima, "Fundi, naomba tusubiri lishuke." Dakika kumi tu.

Kabla ya kufungua amu ya zamani, pima urefu wake kati ya matundu, na uweke mpya kwenye urefu huo kwanza. Kisha rekebisha kuanzia hapo. Nati za kufungia uzi zikazwe mwisho, na kila nati ipigwe mstari wa rangi nyeupe unaovuka hadi kwenye amu. Mstari ukikatika, nati imehama.

Hatua ya nane: alaimenti, na baada yake

Peleka gari kwenye mashine siku hiyo hiyo, ukiendesha taratibu. Mwambie wa mashine unataka kemba kiasi gani na too kiasi gani, na aanze na kemba na kasta, too iwe ya mwisho, nyuma kabla ya mbele. Wengi wanapiga too ya mbele tu na kukuambia tayari. Omba karatasi ya namba za kabla na baada, za magurudumu yote manne.

Langu lilitoka na digrii 1.2 hasi nyuma, too ya ndani ya milimita 1. Nilipolipitisha Daraja la Kigongo–Busisi, zile kilomita 3 zilizonyooka juu ya maji, niliulegeza mkono kwenye usukani kidogo na gari likaenda mbele bila kutafuta njia.

Baada ya kilomita 100 angalia mistari ya rangi. Baada ya 1,000 ingiza kipimo cha kina, au hata njiti ya kiberiti iliyowekwa alama, kwenye mfereji wa ndani na wa nje wa kila tairi, uandike kwenye daftari. Tofauti ikizidi milimita 1 mapema hivyo, rudi kwenye too kabla hujaigusa kemba.